Ardhi Tuliyoipima Juu Juu

Kitenzi kupima kina kazi nyingi katika Kiswahili. Daktari humpima mgonjwa ili ajue kilichomo ndani ya mwili wake. Mpima ardhi naye hupima kiwanja ili aonyeshe kinapoanzia na kinapoishia. Wa kwanza hutafuta kisichoonekana. Wa pili huweka alama juu ya kinachoonekana. Hapa Uganda tumeipima ardhi kwa namna hii ya pili kwa zaidi ya karne moja, tangu Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulipoigawa kwa maili za mraba na kutuachia neno mailo katika sheria zetu. Urefu wa viwanja vyetu tunaujua, na upana tunaujua. Watu wamepelekana mahakamani kwa ajili ya hatua mbili za mpaka. Lakini hati ya ardhi haisemi lolote kuhusu mita kumi zilizo chini ya nyasi, nazo ndizo zinazoibeba nyumba au kuiangusha.

Ninaandika kutetea jambo moja. Hakuna bonde linalopaswa kufunguliwa kwa makazi, wala mpango wa matumizi ya ardhi kuidhinishwa, kabla udongo laini wa mahali hapo haujapimwa kwa njia za jiofizikia na matokeo yake kubandikwa mahali ambapo mnunuzi wa kawaida anaweza kuyasoma. Huenda ukauliza kwa nini mwalimu wa lugha anajitosa katika mambo ya wahandisi. Ni kwa sababu suala hili, kabla halijawa la uhandisi, ni la nani anajua na nani hajui.

Kampala husifiwa kuwa mji wa vilima saba, ingawa umekwisha kupanda vilima vingi zaidi ya hivyo. Sifa hiyo huacha nusu ya habari, kwa maana hakuna vilima bila mabonde. Vilele vya vilima vyetu vimevikwa kofia ya tabaka jekundu lenye chuma, gumu mithili ya tofali lililochomwa. Mabondeni mambo ni mengine. Kwa maelfu ya miaka maji yameteremsha huko udongo laini. Mafunjo yakaota juu yake, yakafa, yakaoza nusu nusu ndani ya maji, kisha mengine yakaota juu ya yale yaliyokufa. Kilichojengeka ni matabaka ya mfinyanzi, matope, na mboji nyeusi yenye nyuzinyuzi ambayo maji yaliyomo yanaweza kuwa na uzito mara kadhaa kuliko mboji yenyewe ikikaushwa. Lubigi, Nakivubo na Kinawataka ni majina ya mabonde ya aina hiyo. Ardhi ya kilimani ni ghali. Ya bondeni ni nafuu. Basi mwenye fedha hujenga juu ya mwamba, na asiye nazo hujenga juu ya mboji, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa rasmi tofauti hiyo.

Kamusi zetu hulipa neno tingatinga maana zaidi ya moja. Mojawapo ni ardhi ya kinamasi, ile inayotikisika ukiikanyaga. Nyingine ni lile gari zito la kusukuma udongo na kubomoa majengo. Mwezi wa Juni 2024, Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilipowaondoa watu katika kinamasi cha Lubigi, tingatinga la pili lilikuja kuzifuata nyumba zilizosimama juu ya tingatinga la kwanza. Wengi tulitazama picha zile tukagawanyika. Wengine walisema sheria imevunjwa: Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 237, inaiweka ardhi oevu mikononi mwa serikali iwe amana kwa wananchi wote, na mwaka 2014 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kufutwa kwa hati zilizotolewa humo kinyume cha sheria. Wengine walisema maskini ameonewa. Mimi nauliza swali la mapema zaidi. Siku ile ya kuuziana, nani alijua kwamba ardhi ile ni laini? Muuzaji huenda alijua. Dalali, nadhani, alijua vizuri. Mnunuzi aliona udongo mwekundu, mkavu, uliosawazishwa vizuri.

Kifusi ndicho kinachofanya udanganyifu huo uwezekane. Malori humwaga udongo wa kilimani juu ya mafunjo, na baada ya misimu miwili ya mvua hakuna jicho linaloweza kutofautisha kiwanja kile na cha jirani kilicho juu ya ardhi imara. Wengi huamini pia kwamba kifusi kimeitibu ardhi. Hebu tufanye hesabu ndogo. Mita moja ya ujazo ya kifusi kilichoshindiliwa ina uzito wa tani 1.8 hivi. Ukimwaga kina cha mita mbili, kila mita ya mraba ya kinamasi imebebeshwa tani 3.6. Nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, ukiugawa uzito wake wote kwa eneo lake, haifiki hata nusu ya mzigo huo. Yaani kabla fundi hajaweka tofali la kwanza, mboji ile imekwisha kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko nyumba, nayo itaendelea kubonyea kwa miaka, huku maji yakikamuliwa polepole. Tena haibonyei sawasawa. Upande mmoja hushuka kuliko mwingine, na hapo ndipo nyufa za mshazari hutokea kwenye pembe za madirisha, na milango hugoma kufungwa. Mwenye nyumba humlaumu fundi, na fundi huilaumu saruji.

Je, kilicho chini kinaweza kujulikana bila kuchimba kila mahali? Kinaweza, na kwa vifaa vinavyobebeka katika gari dogo. Jiofizikia ni elimu ya kuitambua ardhi kwa sifa zake za kimaumbile: jinsi inavyopitisha umeme, jinsi inavyosafirisha mtikisiko, jinsi inavyovuta sumaku. Kwa udongo laini, njia ya kwanza ni ya umeme. Vijiti vya chuma hupigiliwa ardhini kwa mstari. Mkondo hupitishwa kati ya viwili, na volteji hupimwa kati ya vingine viwili. Mfinyanzi uliolowa hupitisha umeme kwa urahisi, ilhali mwamba mzima na changarawe kavu huukinza. Kadiri vijiti vinavyotenganishwa, ndivyo kipimo kinavyofika chini zaidi, na mwishowe kompyuta huchora sura ya wima ya bonde, kana kwamba mtu amelikata kwa kisu kama mkate.

Njia ya pili ni ya nyundo. Bamba la chuma huwekwa chini, mtu hulipiga kwa nyundo nzito, na safu ya vinasa mtikisiko, viitwavyo jiofoni, hunakili muda ambao mawimbi huchukua kufika kila kimoja. Mara nyingi jiofoni huwa 24, zimepangwa kama shanga kwenye uzi. Kutokana na muda huo hukokotolewa kasi ya mawimbi yanayoisukasuka ardhi kwa upande, na kasi hiyo hueleza ugumu. Katika kanuni za ujenzi zinazotumika katika nchi nyingi, ardhi ambayo wastani wa kasi hiyo katika mita 30 za juu ni chini ya mita 180 kwa sekunde huhesabiwa kuwa laini. Inayozidi 760 huhesabiwa kuwa mwamba. Zingatia jinsi tofauti hiyo ilivyo kubwa. Kutoka kilele cha kilima hadi bonde lake ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, lakini mawimbi hukuta ulimwengu mwingine kabisa.

Ya tatu ndiyo niipendayo, kwa kuwa haihitaji hata nyundo. Ardhi haitulii kamwe: malori, upepo, mawimbi ya ziwa, nyayo za watu, vyote huitikisa kwa kiasi kidogo mno ambacho miguu yetu haihisi. Chombo kimoja huwekwa chini kwa nusu saa kikisikiliza mtetemo huo, na kutokana nao hujulikana mwendo ambao tabaka laini hupenda kuyumba nao. Hesabu yake inatosha ubao wa darasani. Chukua unene wa tabaka laini, uzidishe kwa nne, kisha ugawanye kwa kasi ya mawimbi. Tabaka la mita 20 lenye kasi ya mita 100 kwa sekunde huyumba mara moja kila sekunde 0.8. Majengo nayo yana miyumbo yao. Kwa kadirio la haraka, kila ghorofa huongeza sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo jengo la ghorofa nane juu ya ardhi hiyo litakuwa kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila anaporudi, palepale panapomwongezea mwendo. La ghorofa mbili, palepale, huenda lisipate msukumo huo. Mpangaji wa mji asiyejua namba hiyo huruhusu ghorofa nane mahali ambapo tatu au kumi na tano zingekuwa na heri zaidi.

Usivutwe, hata hivyo, na uzuri wa picha za rangi zinazotoka katika kompyuta. Picha hizo ni tafsiri, na wewe unayejifunza lugha unajua kuwa tafsiri hukosea. Mchanga uliojaa maji machafu unaweza kupitisha umeme sawa na mfinyanzi, na picha ikawatia wote rangi moja. Rada ya ardhini, ambayo husifiwa sana, hupofuka mapema katika mfinyanzi uliolowa, na mabonde yetu ndiyo yaliyojaa mfinyanzi wa namna hiyo. Ndiyo maana visima vya majaribio bado ni lazima. Faida ya jiofizikia ni kumwonyesha mhandisi pa kuvichimba. Kisima kimoja huona upana wa kiganja tu; visima viwili vyenye umbali wa mita mia vinaweza kukuta udongo mzuri vyote viwili na kuuruka mto wa kale uliojaa tope katikati yao. Mstari wa vijiti au jiofoni hauuruki. Kazi ya siku chache inaweza kuvuka bonde zima kutoka ukingo hadi ukingo. Kipimo hiki, basi, kinalifaa bonde zima linalopangwa kabla ya kukifaa kiwanja kimoja cha tajiri mmoja, na mzigo wake ni wa anayepanga, si wa mnunuzi wa kibanja.

Mji uliolipia somo hili kwa damu ni Jiji la Meksiko. Sehemu yake ya kati iko juu ya kitanda cha ziwa la kale, pale ambapo Waazteki walijenga Tenochtitlan kisiwani, na mfinyanzi wa ziwa hilo umejaa maji kiasi cha kushangaza. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko kubwa lilitokea pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini. Kwa umbali huo mtu angetazamia mtikisiko mdogo, na kweli sehemu za vilimani hazikudhurika sana. Lakini katika eneo la ziwa ardhi iliyumba kwa mwendo wa takribani sekunde mbili, ikarudia, ikarudia, na majengo ya urefu wa kati, yale ya ghorofa sita hadi kumi na tano, ndiyo yaliyoanguka kwa wingi. Maelfu ya watu walikufa. Leo kanuni za ujenzi za jiji hilo hugawanya ardhi katika kanda tatu: vilima, mpito na ziwa, na unene wa mfinyanzi pamoja na mwendo wake wa kuyumba huchorwa kwenye ramani ambazo mhandisi hana budi kuzitumia. Tetemeko jingine lilipopiga tarehe ileile mwaka 2017, majengo yalianguka tena, mengi yakiwa ya zamani. Ramani haiyaimarishi majengo yaliyokwisha kujengwa, na hilo ndilo linalonifanya niharakishe.

Utasema Uganda si Meksiko. Ni kweli kwamba matetemeko yetu si makubwa kama yale. Hata hivyo tetemeko la Toro la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100, na lile la Kagera la Septemba 2016, lililoiumiza Bukoba kwa ndugu zetu wa Tanzania, lilihisiwa mpaka huku kwetu. Tunaishi kando ya Bonde la Ufa la Magharibi, na bonde hilo halijalala. Halafu, hata pasipo tetemeko lolote, mboji huendelea kubonyea usiku na mchana.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ujuzi wa kazi hii si mgeni kwetu. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ndege zilizunguka juu ya takribani asilimia 80 ya nchi zikipima sumaku na mionzi ya miamba, ili wawekezaji wajue pa kutafuta madini. Takwimu zake zimehifadhiwa Entebbe, katika idara ya jiolojia na migodi. Sisemi kazi ile ilikuwa bure. Wala sisemi kwamba ndege zile zingetuonyesha mboji ya Lubigi. Kipimo cha mionzi hakioni zaidi ya tabaka jembamba la juu, na cha sumaku hutazama miamba. Ninachosema ni kwamba dhahabu tuliitafutia ndege, ilhali pa kulala mwananchi hatujapatafutia hata nyundo na bamba la chuma.

Wapo watakaopinga kwa sababu za bei: ramani ya udongo laini ikibandikwa, viwanja vya mabondeni vitashuka thamani. Vitashuka, naam. Lakini thamani iliyotegemea mnunuzi asijue haikuwa thamani halali, na sioni kwa nini dola iilinde. Pingamizi linalonisumbua ni jingine, nalo hutoka kwa wakazi wenyewe: ramani hiyo itakuwa hati ya kutufukuzia. Hofu hiyo ina msingi. Udongo laini haumshindi mwenye mtaji. Yeye hupigilia nguzo ndefu za zege hadi mwamba na kujenga anachotaka. Ramani ikimwondoa mwenye nyumba ya chumba kimoja na kumwachia nafasi mwenye jengo la maduka, itakuwa imetumika kuiba. Jibu langu ni katika wakati na masharti. Ramani iliyotolewa kabla ya kuuziana humlinda maskini. Iliyotolewa baada ya watu kuhamia haina budi kuja pamoja na mahali pa kuhamia na fidia ya haki kwa kila aliyenunua kwa nia njema, na iwafunge wote sawa, mwenye nguzo na asiye na nguzo. Bonde lisilojengwa si bonde lililopotea pia. Magimbi hustawi humo, na kinamasi cha Nakivubo kimekuwa kikichuja majitaka ya jiji kabla hayajafika katika ghuba ya ziwa ambako Kampala huchota maji yake ya kunywa, huko Ggaba.

Wewe unaweza kufanya nini? Zaidi ya unavyodhani. Sheria ya Upangaji wa Maeneo ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la kupangwa, na ikaweka kamati za upangaji katika wilaya na ngazi za chini yake. Rasimu ya mpango hutakiwa kuwekwa wazi ili wananchi waione na kutoa maoni kabla haijaidhinishwa. Tena ibara ya 41 ya Katiba, pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005, zinampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Ripoti ya upimaji wa ardhi iliyogharamiwa na umma ni taarifa ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba ripoti hizi, zikiwepo, huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, na mwenye kibanja hubaki akitazama rangi. Hapa tuna kazi yetu sisi wa lugha. Maneno yapo: kinamasi, mboji, mfinyanzi, ukinzani, mtikisiko, kina. Kwa maneno hayo sita ufunguo wa ramani unaweza kuandikwa ukaeleweka tangu Kampala hadi Bukoba.

Basi rasimu ya mpango wa eneo lako itakapobandikwa, nenda uitazame kwa utulivu, na uanzie kwenye ufunguo. Utakuta rangi ya makazi, rangi ya biashara, rangi ya barabara. Itafute rangi inayoonyesha kina cha udongo laini. Ukiikosa, inua mkono katika kikao cha kamati uulize: bonde hili lilipimwa lini, kwa njia gani, na visima vya kuhakiki vilichimbwa wapi? Omba jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao, na uombe nakala yake.